Gari Linapochemsha: Somo kwa Wenye Noah za Zamani

Simama kando ya barabara pale Taveta mjini siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, uhesabu magari yanayoingia kutoka Mahoo. Kabla hujafika ishirini utakuwa umeona Noah kadhaa. Moja imebeba mikungu ya ndizi hadi dirisha la nyuma halionekani, nyingine imejaa akina mama na vikapu, na nyingine inapeleka mgonjwa hospitalini. Nyingi bado zina namba za KA au KB. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kule lilikotoka, lakini likishaingia hakuna anayelipangia siku ya kustaafu. Ndiyo maana Noah iliyotengenezwa Japani mwaka 2002 au 2004 bado inapanda mlima wa Wundanyi na watu wanane ndani.

Jarida hili kwa kawaida huzungumzia basari, maji na barabara. Safari hii tumetenga nafasi kwa injini, kwa sababu kwa familia nyingi za kaunti yetu gari hilo moja ndilo basi la shule, ndilo lori la shamba, na usiku wa manane ndilo ambulansi. Likilala gereji miezi mitatu, nyumba nzima imelala nayo. Na ugonjwa unaoziua Noah hizi zaidi ya mwingine wowote ni joto. Gari huchemsha, likapoa, likaendelea, likachemsha tena, hadi siku fundi anapomwambia mwenye gari kwamba injini imekwisha.

Mimi mwenyewe nimeyapitia, na nitaanza na kosa langu ili msomaji asidhani nahubiri kutoka mimbarini.

Noah ya familia yetu ni ya mwaka 2004. Kwa muda wa miezi mitatu hivi nilikuwa nikiongeza maji kwenye rejeta kila Jumatatu asubuhi kabla ya kutoka Mahoo kwenda kazini Mwatate. Nusu lita, wakati mwingine lita nzima. Chini ya gari hapakuwa na tone lolote, basi nikajiambia ni jua tu. Siku moja nikampeleka mama kliniki Voi. Tukirudi jioni, tumeshaipita Bura na kabla ya kufika Maktau, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikauona. Lakini jua lilikuwa linazama, na kila anayeijua sehemu ile anajua ndovu huvuka barabara saa hizo. Sikutaka kusimama na mama mgonjwa garini. Nikasukuma kilomita sita zaidi hadi penye watu. Tulipofika, injini ilikuwa inagonga kama kinu na mvuke umefunika kioo cha mbele.

Watu wengi huniambia kosa langu lilikuwa zile kilomita sita. Ni kweli ndizo zilizomaliza kazi. Ila mimi naona kosa lilikuwa zile Jumatatu kumi na mbili.

Maji huenda wapi

Petroli ikiungua ndani ya injini, sehemu ndogo tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha magurudumu. Nyingine hutoka na moshi kwenye eksozi, na sehemu kubwa, karibu theluthi moja, hubaki kama joto kwenye chuma, nayo lazima iondolewe na maji. Pampu husukuma maji hayo kupitia njia zilizochimbwa ndani ya injini, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta iliyo mbele, yakapoozwa na upepo na feni, kisha yakarudi. Kati yake kuna mlango mdogo unaoitwa themostati. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto haraka. Kwenye Toyota nyingi unaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Injini nzima imeundwa ifanye kazi kati ya nyuzi 85 na 95.

Mfumo huo umefungwa. Kifuniko cha rejeta si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu, bali ni vali yenye springi inayoyaweka maji chini ya shinikizo. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo hayachemki kwenye nyuzi 100. Yanaweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kugeuka mvuke. Kifuniko kikilegea, maji huchemka mapema, hasa huku juu, kwa sababu kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Gari lililotulia kabisa kwenye tambarare ya Taveta linaweza kuchemsha kwenye kona za Wundanyi kwa ajili ya kifuniko ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya mkungu mzuri wa ndizi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii. Mfumo uliofungwa haunywi maji. Ukiongeza maji kila wiki, yapo yanakokwenda. Ama yanavuja nje, ama yanavuja ndani ya injini. Hakuna jua linalokunywa maji ya rejeta iliyofungwa vizuri.

Kuvuja nje ni nafuu. Tafuta mipira ya maji iliyopasuka au kuvimba, alama za kutu au chumvi nyeupe kwenye maungio, unyevu karibu na pampu ya maji, na rejeta yenyewe. Baadhi ya Noah zina hita ya abiria wa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu ambako mawe na matope huyala. Fundi anayekagua sehemu ya mbele peke yake hataliona tobo lililo chini ya kiti cha katikati. Ukiona maji yanapungua na mbele kumekauka, mwambie aingie chini ya gari na tochi.

Kuvuja ndani ndiko kulikonikuta mimi.

Gasketi na bolti

Injini ina sehemu mbili kubwa, bloki chini na kichwa juu, ambacho mafundi wetu hukiita hedi. Kati yake kuna gasketi nyembamba inayozuia moto wa silinda usiingie kwenye njia za maji, na maji yasiingie kwenye oili. Injini ikipata joto kupita kiasi, hedi ya aluminiamu hutanuka na kupinda. Haihitaji kupinda sana. Kwa injini nyingi za Toyota kipimo kinachokubalika kwenye uso wa hedi ni milimita 0.05, yaani pungufu ya unene wa unywele wa watu wengi. Ikizidi hapo, gasketi haikazi tena.

Hapa inafaa mwenye gari ajue ana injini gani, kwa sababu jina Noah limebandikwa kwenye magari yasiyofanana. Zile za kwanza, za kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele, na fundi huinua kiti ili aione. Nyingi za petroli zina injini ya 3S-FE, yenye bloki ya chuma na mkanda wa ndani ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Zilizofuata, za mwaka 2001 hadi 2007, injini imehamia mbele chini ya boneti, nayo ni 1AZ-FSE, ile inayoandikwa D-4. Hiyo ina cheni badala ya mkanda, na bloki yake ni ya aluminiamu. Nyingi kati ya zilizokuja baada ya 2007 zina injini za familia ya ZR.

Mafundi wa injini za AZ wanajua udhaifu mmoja, nao umewagharimu watu wengi bila kujua. Bolti zinazokaza hedi hushika kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya aluminiamu ya bloki. Injini ikichemsha mara kwa mara, au ikizeeka tu, nyuzi hizo hulika na kung'oka, hasa upande wa nyuma unaotazamana na abiria. Bolti inabaki imekaa pale kama mlinzi aliyelala. Unaweza kununua gasketi mpya, ukanyoosha hedi, ukalipa fundi, na baada ya mwezi gari likachemsha tena kwa sababu hakuna kinachoishikilia hedi. Dawa yake ni kutoboa matundu hayo kwa uangalifu na kuingiza bushi za chuma zenye nyuzi mpya, kisha kuweka bolti mpya. Fundi asiyejua jambo hili atakulaumu wewe, au atailaumu gasketi ya dukani.

Nilipofika gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, niliambiwa maneno mawili. La kwanza, toa themostati, Kenya ni nchi ya joto haihitajiki. La pili, nunua injini nyingine.

Kuhusu themostati, nimesikia ushauri huo tangu utotoni na najua wengi wenu mmeufuata. Naomba muuache. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi mno kwenye barabara tambarare. Kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli, oili inachafuka, na injini inalika haraka. Mbaya zaidi, kwa baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato inayorudisha maji moto ndani bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na siku ya mlima gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kilichokwisha hubadilishwa, hakitupwi pahali pake pakaachwa patupu. Na themostati mpya ikiwekwa, kile kipini kidogo kinachochezacheza kiwe juu, maana ndicho kinachotoa hewa.

Kuhusu injini nyingine, nilikaribia kukubali. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenizuia. Akaniambia kuna mzee wa gereji huku kwetu Mahoo, chini ya mwembe, tumpelekee kwanza kabla hatujauza mbuzi. Tukalivuta gari hadi pale.

Vipimo kabla ya spana

Mzee hakugusa bolti hata moja siku ya kwanza. Alinisalimia, akauliza habari za mama, akauliza gari limechemsha mara ngapi, na nimekuwa nikiongeza maji kiasi gani kwa wiki. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Dada, hili gari limekuita miezi mitatu," alisema. Kisha akafanya mambo ambayo nawashauri wasomaji wote wayadai kabla hawajaruhusu injini ifunguliwe.

Alichomoa kijiti cha oili na kutazama ndani ya kifuniko cha kujazia oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa kama chai ya maziwa iliyopoa. Yangu ilikuwa safi, nikafurahi bure, kwa maana gasketi inaweza kuungua upande wa moto na maji pekee, bila kuifikia oili. Halafu, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua rejeta, akaijaza, akaniambia niwashe. Mapovu yakaanza kutoka kwenye maji, madogo madogo, bila kukoma, kabla injini haijapata joto. Hayo hayakuwa mvuke, yalikuwa moshi wa silinda ukipenya kwenye njia ya maji. Akazima, akafunga kifuniko, akawasha tena kwa dakika mbili, akaniambia nishike mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa mgumu kama mguu wa meza na bado haujapata moto.

Kuna dalili nyingine ambazo kwangu hazikuwepo ila ni za kawaida. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaoendelea hata gari likishapata joto, na injini inayotetemeka asubuhi inapowashwa, kana kwamba silinda moja imegoma, kisha inatulia, kwa sababu usiku maji yalidondokea ndani ya silinda. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kuwaka, na mashine ya kusomea hitilafu itakuambia silinda fulani haichomi. Mashine hiyo haikuambii sababu. Nimeona watu wakibadilishiwa plagi zote nne na koili kwa sababu ya maandishi ya mashine, na maji yakaendelea kupungua.

Kipimo chenye uhakika zaidi ni cha dawa. Fundi huweka chombo cha kioo chenye maji ya rangi ya buluu mdomoni mwa rejeta, hewa ya ndani ikapita katika dawa hiyo. Kukiwa na moshi wa injini, buluu hugeuka manjano. Anayetengeneza injini kila siku anafaa kuwa nacho. Kipo pia cha kupima mgandamizo wa kila silinda, na pampu ndogo ya mkono ya kujaza shinikizo kwenye rejeta ili uvujaji ujionyeshe injini ikiwa imezimwa. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachofikia bei ya injini.

Huwa tunasahau pia vitu vidogo. Feni za umeme kwenye Noah za mbele zinaweza kufa kwa sababu ya fyuzi au rilei tu. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na uone kama zinazunguka. Feni iliyokufa huchemsha gari kwenye foleni na mlimani, lakini barabara ikifunguka na upepo ukipita, mshale unashuka. Rejeta iliyoziba hufanya kinyume, gari linatulia mjini na linachemsha likikimbia. Mwenye gari anayemweleza fundi wake tofauti hiyo amemwokolea nusu siku.

Kufungua, kunyoosha, kufunga

Hedi yangu ilipotolewa, mzee aliweka rula ya chuma juu yake na kupenyeza kipimo cha unene katikati. Kikapita. Tukaipeleka kwenye karakana yenye mashine ya kukwangua uso wa hedi. Karakana nzuri hukagua pia kama kuna ufa, maana hedi yenye ufa ukiinyoosha umenyoosha hasara. Nyuzi tatu za bloki upande wa nyuma zilikuwa zimetoka pamoja na bolti, zikiwa zimejizungusha kama springi ya kalamu. Zikawekwa bushi.

Mambo mawili hapa msikubali yafanywe kwa mazoea. Bolti za hedi hukazwa kwa spana maalumu ya kupima mkazo, kwa hatua na kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, na hatua ya mwisho hupimwa kwa pembe. Fundi anayesema "mkono wangu unajua" anaweza kuwa fundi hodari wa breki, lakini hapa mkono haujui. Pili, baada ya kufunga, hewa iondolewe kwenye mfumo. Hita iwekwe kwenye joto la mwisho, ya mbele na ya nyuma, pua ya gari iinuliwe kama kuna mteremko karibu, na maji yaongezwe taratibu hadi mapovu yakome. Injini nyingi zilizotengenezwa vizuri zimekufa wiki ya kwanza kwa sababu ya mfuko wa hewa.

Ukiamua kubadilisha injini, nayo ni njia halali kama bloki imepasuka au pistoni zimekwaruza silinda, usisahau karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukiweka injini yenye namba nyingine bila kuijulisha NTSA ili rekodi irekebishwe, unaendesha gari ambalo halifanani na hati yake, na siku ya kuuza, ya ukaguzi au ya ajali utajieleza. Dai risiti inayoonyesha namba ya injini na jina la muuzaji. Injini ya mtumba haina historia. Huenda na yenyewe iliwahi kuchemsha huko ilikotoka, basi ipimwe mgandamizo kabla hujalipa.

Maji gani

Reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi kwenda Maktau mwaka 1915, wakati wa vita, ililetewa maji kwa bomba kutoka milima ya Bura, kwa sababu injini za mvuke zisingevuka nyika ile bila maji. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunavuka nyika ileile tukitegemea maji, na bado wengi hatujali ni maji gani.

Maji ya visima vingi vya tambarare zetu yana chumvi na chokaa. Kwenye sufuria unaona ukoko mweupe, na ndani ya rejeta ukoko huohuo hujijenga kwenye mirija myembamba usikoweza kusugua. Injini itake kulanti, dawa ya rangi inayochanganywa na maji yaliyosafishwa, kwa kawaida nusu kwa nusu, isipokuwa kama chupa inasema tayari imechanganywa. Kulanti huzuia kutu, huongeza kiwango cha kuchemka, na hulinda pampu. Ibadilishwe kila miaka 2 au 3. Mkikwama njiani, maji yoyote safi ni bora kuliko kukosa, lakini yamwageni na kuyasafisha mkifika. Nyumbani, maji ya mvua yaliyokingwa safi kutoka kwenye mabati ni afadhali kuliko ya kisima cha chumvi. Kwenye vituo vya mafuta kuna chupa za maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu nyingine ni tindikali.

Mshale ukipanda barabarani

Zima kiyoyozi papo hapo. Fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi ya juu, teremsha madirisha. Mtachomeka humo ndani, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inaweza kukushushia mshale ukafika mahali salama. Kama haushuki, simama. Kati ya Mwatate na Taveta kuna kilomita 89, na sehemu kubwa imezungukwa na ranchi na mbuga ya Tsavo Magharibi, hivyo uamuzi wa mahali pa kusimama si wa injini peke yake. Mchana, chagua sehemu iliyo wazi, weka pembetatu nyekundu za tahadhari, abiria wakae mbali na lami. Jioni au usiku, kaeni ndani ya gari na mpige simu kuomba msaada. Hakuna hedi yenye thamani ya mtu kushuka gizani penye ndovu. Mimi nilifikiria hivyo nikaendelea kuendesha, na sijutii kutosimama pale. Ninachojutia ni kuanza safari ile na gari ambalo lilikuwa limeshanionya.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Subiri nusu saa kwa uchache, au zaidi, hadi mpira wa juu uwe laini ukiubonyeza. Yale maji yaliyofungiwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 hulipuka kuwa mvuke mara kifuniko kinapolegea, na hupiga uso na mikono. Aliyeungua amwagiliwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno, bila yai wala mafuta, kisha apelekwe Hospitali ya Taveta au Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, kwa kutegemea iliyo karibu. Na usimwage maji baridi juu ya injini moto. Chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla hupasuka.

Kilichomwagwa kinaenda wapi

Hili nalisema kama afisa wa kaunti na kama mtoto wa Mahoo. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa au mbuzi akilamba beseni lililoachwa nyuma ya gereji anaweza kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na mtoto mdogo pia. Oili chafu ikimwagwa kwenye mfereji inafika shambani kwa jirani siku hiyohiyo, kwa kuwa mifereji yetu ya kunyunyizia migomba inaunganisha watu wote kutoka juu hadi chini. Mwenye gereji aiweke kwenye mtungi uliofungwa na aikabidhi kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Mwenye gari naye aulize oili yake imekwenda wapi. Mzee wetu ana pipa la buluu lenye kifuniko na jiwe juu yake, na vijana wake wanajua nini kitawapata wakimwaga chini.

Vijana hao, kwa njia, ndio mafundi wetu wa kesho. Mafunzo ya ufundi ya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, na anayejua kazi kwa mikono bila cheti anaweza kufanya mtihani wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mmoja wa vijana wa mzee anajiandaa kuufanya.

Noah yetu ilitoka pale chini ya mwembe baada ya siku kumi na tisa. Mzee alinipa kijitabu kidogo cha shule, akaniambia kila Jumatatu niandike kiwango cha maji na oili kabla ya kuwasha, na nisipoona mabadiliko niandike hivyo hivyo, hakuna mabadiliko. Mama ana kliniki nyingine mwezi ujao.